Tatu, Nne, Tano

Masika yakishuka Moshi, fundi hana kazi.
Simenti inaganda stoo, mchanga unakwenda Njoro na maji,
na tajiri wa Kiborloni hapokei simu.
Nikaingia maktaba ya mkoa kukwepa mvua.
Nisiseme uongo: kukwepa mvua tu.

Bi Namsifu akatazama viganja vyangu.
"Bomba liko nje, baba. Sabuni imo kwenye kopo."
Nikanawa. Chokaa ya miaka thelathini haitoki kwa sabuni ya kopo,
lakini alitosheka. Akanionyesha kiti cha dirishani,
kiti chenye mguu mmoja mfupi.
Nikaukunjia karatasi. Mazoea.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo mafundi hatulisemi.
Fundi Eliakunda alinirithisha uzi:
nafasi kumi na mbili, kifundo kwa kifundo,
tatu huku, nne kule, tano inafunga,
na pembe ya nyumba inakaa,
haiingii ndani, haitoki nje.
"Kwa nini?" nilimuuliza, mwaka wa kwanza.
"Kwa sababu ukuta haudondoki. Lete zege."
Nyumba mia na ushee nimezipima kwa uzi ule,
Pasua, Majengo, Rau, mpaka kanisa moja la Uru,
na ile *kwa nini* nikaitembeza mfukoni
kama ufunguo wa kufuli nisilolijua.

Shule niliiacha darasa la tano.
Kahawa ilishuka bei, baba akaamua: asome mmoja.
Hakunichagua mimi. Sina kinyongo, dada yangu ni muuguzi.
Ila hesabu ya darasa la saba, mimi na yeye
hatukuwahi kuonana.

Tulionana siku ile, ukurasa wa themanini na nne,
kitabu kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi mweusi.
Pembetatu. Juu ya kila ubavu wamejenga mraba:
mmoja wa vigae tisa,
mmoja wa kumi na sita,
na ule mkubwa, ishirini na tano,
umeimeza yote miwili, hakikubaki hata kigae.
Nilihesabu kwa kidole. Nikarudia.
Tisa na kumi na sita.
Nikasema "Ala!" kwa sauti ya saiti,
vichwa vya wanafunzi vikainuka
kama kuku waliosikia mwewe.

Kijana wa kidato cha pili, Elihaki,
kanuni ameikariri kama namba ya simu ya mama yake,
hajawahi kuiona ikibeba ukuta.
Nikatoa uzi.
Tukapima pembe ya meza: sawa.
Pembe ya rafu: sawa.
Tukapima pembe ya maktaba yenyewe, nyuma ya magazeti,
imekosa kidole kizima.
Bi Namsifu alikuja kutunyamazisha,
akabaki ameshika ncha ya uzi.

Kadi inataka picha mbili na mdhamini.
Nikampelekea dada, yule muuguzi.
Alisoma fomu mara mbili.
Kazi: fundi ujenzi.
Umri: hamsini na sita.
Sababu ya kujiunga: niliacha wazi, neno lilinikimbia.
Akasaini, kisha akageukia dirisha muda mrefu,
kama mtu anayeangalia iwapo mlima umefunguka.

Jua limerudi. Tajiri wa Kiborloni
sasa anapiga yeye, mara tatu kwa siku.
Msingi tumechimba, vijana wawili wananishikia uzi,
na Jumatatu mmoja wao ameuliza:
"Kwa nini tatu, nne, tano, fundi?"
Nimemwambia aweke koleo chini.

Jumamosi naenda tena.
Ukurasa unaofuata ni wa duara.
Nyumba za duara nimezikimbia maisha yangu yote.