Moshi wa Kiasi

Daktari wa Kitete alichora duara nyuma ya kadi ya kliniki,
akalizungushia vijiti vifupi, kama ndevu za kambale.
"Hivi ni vipokezi. Askari wa mlango wa seli.
Hakuna aliyewafunza. Wamezaliwa
wanaijua harufu ya mgeni mwovu."

Mama akavitazama vidole vyake
vilivyofanya mafundo kama tangawizi.
"Na huyu mgeni wangu ni nani?"

"Hakuna mgeni, Bi Nyamizi.
Askari wanapiga filimbi usiku kucha
kwa kuona kivuli cha mwenye nyumba."

Mimi sikusoma hadi huko.
Lakini mzinga naujua.
Ninayo arobaini na mitatu kule Ipole, ya magome ya myombo,
na kila mmoja una walinzi wake pale tunduni,
wanakunusa kabla hujaegemeza ngazi.
Hakuna nyuki aliyepelekwa shule
kufundishwa nyegere.

Ila ziko siku, jua la Oktoba likishika,
wanachafukwa tu.
Wanadunga gogo, wanadunga hewa,
wanadungana wao kwa wao.
Utafanyaje? Umwage petroli?
Asali utaichuma kwa nani mwakani?
Unawasha samadi kavu, unapuliza kidogo,
kidogo tena.
Moshi unawaziba pua, hauwazibi roho.

Nikamwambia daktari hayo, akaweka kalamu chini.
"Ndiyo dawa inayotafutwa," akasema.
"Ya kuziba pua moja, ya askari mmoja.
Bado inajaribiwa, mbali na hapa.
Wapo wagonjwa iliowatuliza.
Wapo iliowalazia askari wote,
kifua kikuu kikaingia kwa mlango wa mbele
kimevaa viatu."
Akatuandikia vidonge vilevile vya mwezi jana.

Njiani Mama alinyamaza hadi Sikonge.
Kisha: "Kumbe ni walinzi wangu.
Nami nimewalaani miaka sita."

Jumamosi nilipanda myombo, moshi nikaupunja.
Mmoja akanipata chini ya jicho.
Jioni jicho lilikuwa limefunga duka,
shavu jekundu, la moto, linapwita.

Mama akaja na bakuli na kitambaa,
akakikamua kwa shida, kidole baada ya kidole,
akanikanda.
"Hawa wako," akasema, "wanaijua kazi,"
akiugusa uvimbe wangu
kwa uvimbe wake.