Saa Kumi na Mbili, Chikola

Taa ya kijani inawaka: umeme upo.
Taa nyekundu inapepesa mara tatu, inanyamaza,
inapepesa tena mara tatu,
kama mgeni abishaye hodi nyumba isiyo na mwenyewe.
Siku ya pili hii, ndani ya kibanda cha bati,
kompyuta juu ya dumu, mimi juu ya tofali,
na kitabu cha maelekezo kinachoruka
toka ukurasa wa kumi na moja hadi wa kumi na nne.

Nimegeuza nyaya za mawasiliano, A ikawa B.
Nimebadili anwani, moja ikawa saba.
Nimezima, nimehesabu hadi thelathini, nimewasha.
Ndahani akasema, labda kidhibiti kimetoka dukani kimekufa.
Nikamwambia maiti hapepesi macho.

Saa tisa alasiri kikazungumza.
Kikasema maji kisimani yako mita kumi na mbili.
Halafu arobaini.
Halafu hasi sita,
yaani maji yamesimama hewani, juu ya paa letu,
na sisi tumekaa chini yake na kiu.

Nikapima kati ya waya wa ardhi na nyutro:
volti thelathini na moja.
Nikatoka nje kuitazama fimbo ya shaba.
Imesimama kwenye udongo mwekundu
ulioachana na mvua tangu Aprili,
mkavu kama ukoko wa juzi, usiopokea chochote,
wala umeme.

Tukachimba kuizunguka. Tukatia mkaa uliopondwa,
na chumvi kilo mbili, kwa mkopo, dukani kwa Nyemo.
Kilichobaki ni maji.

Foleni ya ndoo ilikuwa pale pale tangu alfajiri
ikingoja mkokoteni wa punda.
Sechelela akainua ndoo yake, nusu,
akauliza polepole, ili ausikie vizuri upumbavu wangu:
"Niyamwage chini?"
"Chini."
"Ili yatoke?"
"Ili yatoke."
Akayamwaga. Hakuna aliyecheka.
Ardhi ikayanywa kwa sauti.

Mita arobaini na mbili nukta tatu.
Arobaini na mbili nukta tatu.
Niliisoma namba ile mpaka Ndahani akanishika bega.

Kamati ikataka pampu ianze saa kumi na mbili asubuhi,
watoto wanawe kabla ya shule.
Nikaandika kumi na mbili, nikafunga kibanda, nikapanda pikipiki.

Kesho yake, simu. "Fundi, hakuna kitu."
Saa moja. Saa mbili.
Saa tatu: "Fundi, watoto wameondoka na vumbi lao."
Nikaipitia kichwani kila skrubu niliyoikaza.
Saa sita kamili, jua utosini:
"Inatoka! Inatoka yenyewe!"

Kidhibiti hakikukosea. Kilinitii.
Saa zake zinahesabiwa tangu usiku wa manane,
zetu tangu jua lichomoze,
na mimi, mzaliwa wa Kintinku,
nilisahau nilikuwa nazungumza na nani.

Nikarudi. Nikatoa sita.
Sechelela alikuwa bombani na ndoo yake.
"Nusu yangu," akasema.
Nikaijaza mpaka mdomoni.
Akaenda nayo nyuma ya kibanda,
akaimimina nusu ya juu, taratibu, mguuni pa fimbo ya shaba,
akaondoka na ile aliyodai.