Jua la Paka

Gethin alikuja Jumamosi, ngazi begani,
mvua ya Llanelli ikimfuata mpaka kizingitini.
Akavua viatu. Akaulizia chai. Akalitazama dari
kama daktari anayetazama koo la mtoto.
"Shangazi, ziko ngapi hizi?"
Tisa, nikamwambia. Za halojeni, kila moja wati hamsini.
Alizitia Ifor mwaka ule tulipong'oa zulia la jikoni,
akajisifu wiki nzima: sasa tunapika kama watu wa matangazo.

Miaka kumi na tisa nimepika chini yake.
Nikikaanga kitunguu, utosi nao unakaangika.
Na zikiungua haziungui kwa pamoja, la,
huaga moja moja kama wageni wa matanga,
na Ifor juu ya kiti, leso mkononi,
maana mafuta ya kidole, ati, huua balbu.

Gethin akazima umeme. Akachomoa ya kwanza.
Pakabaki pengo, kama la jino.
Akapenyeza mkono, akatoa vumbi,
akatoa na kipande cha sufi ya darini
kilichobabuka rangi ya mkate uliosahauliwa ndani ya tanuri.
Hakusema kitu. Akaniwekea kiganjani.
Kilikuwa chepesi. Nilipokifumbata kikawa unga.
Miaka kumi na tisa tumelala juu ya hiki.

Ifor akakohoa, akaenda dirishani kutazama mvua.

Transfoma nazo zikang'oka,
pamoja na ule mlio mwembamba
niliodhani siku zote ni masikio yangu yanazeeka.

Saa saba mchana akawasha.
Mungu wangu, weupe ule!
Nikaona utando wa mafuta juu ya kabati,
nikaona ufa wa sinki, nikaona mikono
iliyoshika kikombe changu, nikajiuliza
mama amefika saa ngapi.
Ifor akasema: hapa tunakula, au tunangoja majibu ya damu?
Gethin akasoma boksi, akasonya.
Aliagiza elfu mbili na mia saba, wamempa elfu nne.
Kumbe kwenye taa, namba ikipanda, baridi nayo inapanda.
Akavaa viatu vyake vilivyolowa, akarudi dukani.

Jioni ikawa sawa. Rangi ya siagi, karibu ileile ya zamani,
ila swichi ya kufifisha ilizifanya zipepese kama mtu mwongo,
nayo ikabadilishwa.
Ifor akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili:
tisa mara tano, arobaini na tano.
Kumbe chakula cha taa moja ya jana
kinashibisha zote tisa za leo, na chenji inabaki.
Akaichora mistari miwili chini, akaibandika kwenye friji.

Lakini Pwdin hasomi bahasha.
Usiku alipanda chumbani kwetu, akaenda pale pake,
ubao ulio kati ya kabati na kitanda,
juu kabisa ya taa ya jiko.
Akazunguka mara tatu, akalala. Akaamka.
Akajaribu pa pili, karibu na dirisha. Akajaribu pa tatu.
Kumbe alikuwa na ramani yote, tisa,
jua dogo dogo tisa chini ya mbao,
na sisi hatukuwahi kujiuliza
paka anapendea nini sakafu tupu.
Akanitazama vile anavyotazama bakuli lisilo kitu.

Usiku wa manane nikaamka, kando yangu hamna mtu.
Ifor yuko sakafuni, kwa pajama, anatambaa,
anabandika kiganja ubao kwa ubao.
"Baridi," akasema.
"Baridi," nikamwitikia, nikashuka nikakaa naye,
na hatukuitaja ile sufi.

Pwdin akatupita, mkia juu,
akashuka ngazi, akaenda kujikunja
juu ya kile kisanduku cha intaneti,
ambacho asubuhi nilikigusa,
nikakigusa tena,
nacho kina moto.