Safu Mbili

Kemi, majira ya baridi ya korona.
Bahari imeganda hadi macho yanapokoma,
na mimi nyuma ya kioo cha plastiki
kilichobandikwa na fundi mwenye haraka
nahesabu vidonge kwa kijiko bapa:
tano, kumi, kumi na tano.

Wanawake huja asubuhi.
Tuulikki wa nyumba ya wazee, zamu ya usiku imemjaa machoni;
mgongo wake umebeba miili ya watu
ambao wana wao huwapungia mkono dirishani.
Daktari hakumgusa. Alimsikiliza kwa simu
dakika nne, akaandika.
Hilja, kipandauso.
Sanelma, bega, na barua ya hospitali mkobani:
upasuaji umeahirishwa, tarehe utajulishwa.
Huniambia maumivu yao bila kuyafupisha,
yanavyochoma, yanavyovuta,
yanavyoamka saa tisa za usiku kama mtoto mchanga,
na foleni nzima, hatua mbili mbili, inasikia.

Wanaume hawaji.
Siku moja alikuja Veijo, kofia haijatoka kichwani,
anataka plasta. Plasta tu.
Anatembea kama kiti chenye mguu mfupi.
Goti? nikauliza.
Baridi, akasema,
kana kwamba Kemi baridi imeanza mwaka huu.

Februari wakubwa wa Helsinki wakaomba takwimu.
Nikachora safu mbili.
Ya wanawake ilipanda kama theluji ukutani,
ya wanaume ikalala chini, imenyamaza.
Sauti kwenye simu ikauliza, kwa upole kabisa:
mbona wanawake wanameza sana?

Nilishika kalamu.
Nilimfikiria Jouko, dereva wa lori la magogo,
ambaye hayumo katika safu yoyote.
Vyake hakuandikiwa; alivinunua
kwenye kifuko, nyuma ya kituo cha mafuta.
Jina lake nililisoma gazetini,
msalaba mdogo, miaka arobaini na mmoja.
Mficha maradhi, kilio humfichua,
ila mwaka ule hata kilio kilipimwa:
watu kumi, barakoa,
na kahawa ya mazishi hakuna.

Halafu Aune.
Pakiti moja kila mwezi, jina lake, baridi yabisi yake,
vidole vimepinda kama mizizi iliyokutana na jiwe.
Mwezi wa Machi akaomba kikatio cha vidonge.
Vikubwa, akasema, havipiti kooni.
Vilikuwa vidogo kuliko punje ya dengu.
Nilimpa.

Nilijua. Kemi ni ndogo.
Raimo wake, miaka thelathini na minane kiwanda cha karatasi,
nyonga imeisha, jina liko foleni ya Oulu,
na mbele ya daktari hajawahi kusema hata "aa".
Aune humwekea nusu kwenye kisahani, kando ya sukari.
Hawaulizani.
Yeye humeza huku akitazama nje, kana kwamba ni sukari,
na nusu inayobaki
ndiyo inayoosha vyombo, ndiyo inayofunga vifungo vya shati lake.

Sheria inasema niripoti.
Sikuripoti.
Hilo nalo liwekeni katika safu mnayoitaka.

Juni akaitwa. Wakamkata, wakamtia chuma, akarudi na magongo.
Aune akaja dukani:
pakiti ile ile, idadi ile ile.
Daftari halikutikisika hata kwa kidonge kimoja.
Lakini alinirudishia kikatio,
kimeoshwa, kimefungwa kwa karatasi ya jikoni.

Jana nimemeza kizima, akasema chini ya barakoa,
kwa sauti ya mtu anayeungama wizi.
Nimelala hadi Raimo akapika kahawa mwenyewe.

Ikawaje?

Maji matupu, akasema.
Nikanywa vikombe viwili.