Kijiko

Sikuijua njaa. Nilidhani ni shimo tu,
ukitia kitu, linajaa.
Nilikuwa mpishi wa kikosi, mtoto wa mwoka mikate
kutoka bonde la makaa ya mawe kule Welisi,
na siku ile ya Aprili, malori yalipovuka ua wa seng'enge,
nilibeba mifukoni nilichokuwa nacho:
kopo la nyama ya ng'ombe na mafuta yake,
maziwa mazito ya sukari, biskuti.

Ulikuwa umeketi, umeegemea ukuta wa mbao.
Ulinitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.
Nikafungua kopo kwa ufunguo wake mdogo.
Ulikula kwa vidole viwili, polepole, kwa adabu,
ukanibakishia kipande cha mwisho.
Nilikataa. Nikasema: kula, maliza, kula.

Tenda wema nenda zako.
Nilikwenda zangu nikipiga mluzi.

Alfajiri daktari alitupanga mstari nyuma ya lori.
Hakufoka. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala.
Alisema matumbo yao yamekuwa karatasi iliyolowa.
Alisema, aliyegawa nyama jana anyooshe mkono;
si kwa adhabu, nataka kuhesabu tu.
Mikono ikanyanyuka, mmoja mmoja.
Wangu ulikuwa wa mwisho.

Zelig. Jina nililipata kwa jirani yako wa kitanda,
aliyekuwa amekwisha kuvaa viatu vyako.
Kazi yako aliniambia kwa ishara,
akizungusha mkono kichwani: kofia.
Alishona kofia.

Basi nikakabidhiwa sufuria na kijiko.
Maziwa ya unga, maji, sukari kidogo, chumvi kidogo.
Kijiko kimoja. Ngoja.
Kijiko kimoja.
Nikawa bahili kuliko mabahili wote,
nikasimama kati ya watu na chakula
kama walivyosimama wale wengine,
nami nimevaa sare, kama wao,
na mwanamke mmoja, Piroska, akanitukana kwa Kihungari
hadi mate yakamkauka.
Nikampa kijiko. Nikahesabu hadi mia tatu.
Nikampa kingine.

Siku ya kumi na moja alininyang'anya kijiko,
akachota mwenyewe, mkono ukitetemeka,
nusu ikamwagika kwenye blanketi,
nusu akaifikisha kinywani mwangu.
Yalikuwa maji tu, yenye harufu ya maziwa.
Alicheka, au alikohoa. Mpaka leo sijui.

Nimerudi kwenye tanuri la baba, miaka mingi sasa.
Unga haupungui, nashukuru.
Ila mtoto akiingia dukani na kusema ana njaa,
mkono wangu husita kwanza juu ya rafu.
Mke wangu hudhani
natafuta mkate uliopoa.