Mlango wa Kutokea

Gari la Mundhir lilizaliwa kwenye mvua,
mwaka sitini na saba, nchi ya ukungu,
boneti ndefu kama ahadi ya mwenye deni.
Leo liko Wadi Kabir, Julai, saa nne asubuhi,
na bati lake limenichoma kiganja
kabla sijalisalimia.

"Linazimika mlima wa Amerat," kasema.
"Kona ile ile. Petroli inachemka kwenye kabureta,
naisikia ikitokota kama maharage."
Wamemuuzia feni mbili. Rejeta mpya kutoka Dubai.
Fundi mmoja wa Barka kamnyanyulia boneti kwa nyuma,
washa nne kila bawaba, mwanya wa vidole viwili:
"Joto litatokea hapa, wallahi, utaona."
Hakuona.

Mimi sikugusa spana.
Niliomba uzi.
Zuwena, binti yangu, akaniletea nyuzi nyekundu
za kofia aliyoianza tangu Shaabani hajaimaliza.
Tukazikata urefu wa kidole,
tukazibandika kwa utepe, boneti nzima,
kama mpunga uliopandwa na mlevi.
Seif wa gereji ya pili, mzaliwa wa Bujumbura,
akatoka na kikombe chake:
"Baba Zuwena, gari limeota nywele?"

Alfajiri tukashika barabara.
Mundhir anaendesha, mimi nimekodoa macho.
Sitini: nyuzi za mbele, nyuma kidogo ya rejeta,
zinanyanyuka, zinavutwa juu.
Themanini: za katikati zimelala, zinatuelekea.
Mia: za mwisho, pale kwenye mwanya wa fundi wa Barka,
zikageuka.
Zikaingia chini ya boneti
kama nge anavyoingia kiatuni.

Nilicheka mpaka Mundhir akapunguza mwendo.
Upepo ukigonga kioo hurundikana,
hutafuta pa kujificha,
na mlango aliofunguliwa joto litoke
ndio upepo ulioingilia,
ukalisukuma joto lirudi lilikotoka.
Hewa haijui nia ya fundi.
Hutoka penye msongamano, huenda penye nafasi, basi.

Marehemu mama, jikoni kwake Ruwi,
alifungua dirisha, akanunua feni,
moshi ukamrudia usoni miaka saba.
Siku baba alipong'oa tofali moja, juu, nyuma ya jiko,
moshi ukaaga wenyewe.

"Basi litoboe," kasema Mundhir,
lakini mkono wake ulikuwa juu ya boneti
kama juu ya kichwa cha mtoto anayepelekwa kutahiriwa.
Sikulitoboa.
Nikalala chini, nikang'oa vibati vya pembeni,
nyuma ya magurudumu ya mbele,
walivyoviweka huko kwao kuzuia tope.
Tope gani, Maskati?
Nikaziba kwa sponji kila ufa unaoizunguka rejeta,
maana hewa ni mvivu, ikiona kichochoro haipiti sokoni.
Bomba la petroli nikalihamisha ujirani wa ekzosi.
Na zile washa za Barka
nikamtilia mwenyewe mfukoni.

Saa nane mchana, digrii arubaini na sita.
Mlima. Kona ile.
Mshale ukagusa tisini, ukafikiri, ukatulia.
Mundhir hakusema neno. Alikuwa anahesabu nguzo za taa.

Kileleni akazima injini,
na mshale ukaanza kupanda.
Tisini na tano. Mia. Mia na nne.
"Sasa nini? Si tumesimama!"

Ndiyo maana.
Unapokwenda, upepo unakubebea mzigo.
Ukisimama, chuma hutoa kilichokuwa kimekificha.
Ni kama matanga: si siku ya vilio,
ni siku ya nne,
sufuria zimerudishwa kwa wenyewe,
viatu mlangoni ni vyako tu.

Nikafungua boneti. Sikufanya kingine.
Uzi mmoja mwekundu ulikuwa umenasa
kwenye ukingo, karibu na kabureta,
na bila upepo, bila gari kwenda,
ulisimama wima
ukielekea juu.