Kubebesha

Kitangari, Jumamosi, mizani ya chama inaita.
Nasikia magunia yakibwagwa ng'ambo ya barabara,
karani akitaja kilo kama anayesoma majina ya marehemu.
Korosho zangu ziko ndani, magunia manne, ukutani.
Leo siendi.

Chinowa, mdogo wa marehemu mume wangu, amesimama mlangoni,
vumbi la ghalani mpaka kwenye kope.
"Shemeji Anjelista, Paulo alikufungua,
wewe unaiokota kamba na kujifunga tena.
Torati imekwisha. Kasome zile nyaraka."

Nimesoma, shemeji. Nimesoma hadi gundi ya jalada imeachia.
Lakini waraka ni simu ya mtu mwingine.
Umesimama kule ukingoni, kwenye jiwe lenye mtandao,
unamsikia jirani akifoka: "Msikubali! Msikate!"
na upande wa pili huusikii.
Nani kauliza nini? Nani kamtisha nani?
Wewe ukarudi nyumbani ukatangaza
kwamba jirani anachukia visu.

Hapa kwetu kila mvulana amepita likumbini,
hakuna wa kumuuliza mwenzake.
Kule, walikuwapo waliomwambia mgeni:
bila jeraha hili huna baba.
Hilo ndilo lililompandisha Paulo hasira,
kisu kugeuzwa mlango,
na mlango ulikwisha kuja, una jina, ni Masihi.
Yeye mwenyewe alinyoa kichwa kwa nadhiri,
akashindana na bahari ili Pentekoste imkute Yerusalemu.
Aliyeibomoa nyumba
hakimbilii kuwahi chakula chake.

"Na lile deni?" asema Chinowa. "Lilipigiliwa msalabani."

Ndiyo. Deni.
Mwaka ule wa salfa ya mkopo
nilidaiwa na chama mpaka mkeka.
Akaja mtu, akalipa, karani akaichana karatasi.
Hakuivunja mizani, Chinowa.
Kilo ilibaki kilo.
Ila tangu siku ile nikiipita mizani
sivuki tena upande wa pili wa njia.

Anacheka. Hajakubali.
"Kama huiogopi, beba magunia twende."

Hapo amenipata.
Sina jibu la kumfunga mdomo.
Ada ya Delfina imenikaa kooni, na wiki ijayo bei yaweza kushuka.
Siketi ili nihesabiwe, nimekwisha kuhesabiwa.
Naketi tu,
kama mtu aliyeambiwa na mwenye nyumba, "Karibu kiti,"
akaona aibu kubaki amesimama.

Alipoondoka nikaenda kitaluni.

Naliendele walinifundisha kubebesha:
mche wa kawaida chini, kikonyo cha mti bora juu,
wembe mkali, utepe wa nailoni,
mfuko wa plastiki kichwani kama kofia.
Duni chini, bora juu. Ndivyo afanyavyo mwenye akili zake.
Paulo aliupindua utaalamu wote.
Alichukua tawi la porini,
mimi, Mmakonde, mjukuu wa mchonga mashetani,
akalibebesha juu ya shina la Ibrahimu.
Alijua ni kinyume na akakiri ni kinyume,
kisha akaliambia tawi lisijivune:
utomvu unapanda, haushuki.

Basi ni nani huyu, amekwisha kubebwa,
yuko juu, ana majani, ana maua,
anayeagiza shoka kwa ajili ya mizizi?

Delfina amenifuata, anachuchumaa kati ya miche.
Majani mapya yametoka, mekundu, membamba kama ulimi wa mbuzi.
Anagusa kovu chini ya utepe.
"Mama, mkorosho wenyewe ni upi,
huu wa juu au huu wa chini?"

Sikumjibu. Nilikuwa na ndoo.
Wapo watakaosema hata kumwagilia ni kazi,
wakanishtaki kwa Musa.
Lakini jua la Novemba halikungoja tuhitimishe hoja.
Nikainama.
Nikamimina chini, kwenye udongo,
si kwenye majani.